Tamaa Iliyoliwa na Uhasama: Usawiri wa Jerid Messa katika Zeta Gundam

Mhusika anayeshindwa kila aingiapo uwanjani huhukumiwa upesi. Hivyo ndivyo alivyohukumiwa Luteni Jerid Messa, askari kijana katika mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao Mobile Suit Zeta Gundam. Mfululizo huu, ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino, ulionyeshwa kwenye televisheni ya Japani kuanzia Machi 1985 hadi Februari 1986, na una sehemu 50. Watazamaji wengi humchukulia Jerid kama kichekesho: mtu wa maneno makubwa na matendo madogo, mpinzani asiyefikia kimo cha upinzani. Makala haya yananuia kuipinga hukumu hiyo. Tunadai kwamba kushindwa kwa Jerid si kasoro ya usanii. Kushindwa huko ndiyo maudhui yenyewe, kwa kuwa Tomino anatuchorea tamaa ya ukubwa inavyoliwa na uhasama, kidogo kidogo, hadi mwenye tamaa asahau alichokuwa akikitamani.

Yamkini msomaji atauliza katuni za Kijapani zina nafasi gani katika jarida la idara kama yetu. Jibu moja ni kwamba usawiri wa wahusika ni usawiri wa wahusika, uwe katika utenzi, riwaya au picha zinazotembea. Jibu la pili ni la kijiografia: pigo zito kuliko yote ambayo Jerid anapiga linapigwa katika mlima Kilimanjaro. Tutalirudia jambo hilo.

Kwanza muktadha. Hadithi inatukia mwaka 0087 wa kalenda ya kubuni, wakati sehemu kubwa ya wanadamu wanaishi katika makazi yaliyojengwa angani, na vita vinapiganwa kwa mitambo mikubwa yenye umbo la mtu, ambayo rubani huiendesha akiwa kifuani mwake. Baada ya vita vya awali, Shirikisho la Dunia limeunda kikosi teule kiitwacho Titans ili kuwasaka mabaki ya maadui. Kikosi hiki huwapendelea waliozaliwa duniani, na huwadharau wa angani. Makazi mazima yamewahi kuuawa kwa gesi ya sumu kwa amri ya wakubwa wake. Jerid ni afisa wa kikosi hicho, na tangu mapema haficha kwamba anakusudia kupanda hadi Titans yote iwe mikononi mwake.

Hapa ndipo tofauti yake na mpinzani wa kawaida inapojitokeza. Katika mfululizo wa kwanza wa Gundam, ulioonyeshwa 1979 hadi 1980, mpinzani alikuwa Char Aznable: mwana wa kiongozi mkubwa, aliyejificha nyuma ya barakoa na jina la bandia ili ailipize kisasi familia iliyomnyang'anya baba yake urithi. Char ana siri, nasaba na mpango. Jerid hana hata kimoja. Hatuelezwi wazazi wake ni akina nani, wala alikulia wapi, wala ni dhuluma gani iliyomsukuma jeshini. Mhakiki anayeshikilia mgawanyo wa E. M. Forster wa 1927 atakimbilia kumwita mhusika bapa. Tunaona hilo ni kosa. Ukosefu wa historia ni sifa ya aina yake ya tamaa. Char anataka kitu fulani kutoka kwa watu fulani, ilhali Jerid anataka cheo tu, na cheo hakina haja ya nasaba.

Chanzo cha uhasama wake na Kamille Bidan, mhusika mkuu, ni kidogo hadi kinaaibisha. Bandarini, Jerid anasikia jina Kamille likiitwa na kudhani linamhusu msichana. Anapogundua ni mvulana, analitamka hilo kwa dharau. Kamille, mwanafunzi ambaye jina lake ni kidonda, anamrushia ngumi. Inafaa kusisitiza kwamba shujaa ndiye aliyepiga kwanza. Tomino angeweza kuuanza ugomvi huu kwa mauaji ama usaliti, lakini aliuanza kwa utani wa kijinga na hasira isiyo na kiasi, na katika hatua hiyo mtazamaji hana sababu nzito ya kumpenda mmoja kuliko mwenzake.

Mauaji yanafuata muda si mrefu. Kamille anapoiba mtambo wa Titans na kukimbilia kwa waasi, wakubwa wa Titans wanamtia mama yake ndani ya kifaa cha kioo na kumwelekeza angani kama chambo. Jerid anakifyatulia risasi. Hakujua aliyekuwamo ndani ni mama wa kijana yule, kwa kuwa aliyemtuma hakuona haja ya kumweleza. Tukio hili limefasiriwa mara nyingi kama hatua ya kwanza ya uhasama. Sisi tunaliona pia kama maelezo kamili ya mahali pa Jerid katika kikosi anachotaka kukitawala: yeye ni kidole kwenye kifyatulio, na habari inabaki kwa mwenye amri. Anayetaka ukubwa alipaswa kutoka pale akiwa na swali moja tu, kwamba ni nani anayejua mambo ambayo yeye hayajui. Jerid hakuuliza. Alitoka pale na adui.

Kuanzia hapo hadithi yake inakuwa msururu wa vifo, na ni lazima tukae hapo kidogo. Lila Milla Rira, rubani mwenye uzoefu kumshinda, anakubali kumfunza namna ya kupigana angani. Jerid, mwenye majivuno yote yale, anaomba afunzwe na mwanamke anayemjua kuwa bora kuliko yeye. Huu ni wakati wa nadra, na ni uthibitisho kwamba si bapa: anaweza kujishusha. Lila anauawa na Kamille. Kisha Kacricon Cacooler, rafiki na mwenzake, anateketea wakati wa kushuka katika angahewa ya dunia, baada ya Kamille kuharibu kifaa kilichomkinga dhidi ya joto. Kisha Mouar Pharaoh, afisa wa Titans anayeifungamanisha hatima yake na ya Jerid, anajitia kati na kupokea pigo ambalo Kamille alimkusudia Jerid.

Tukihesabu kwa haki, Jerid amefiwa na watu watatu mikononi mwa Kamille. Hapa Tomino anafanya jambo ambalo wasanii wengi wa hadithi za vita hulikwepa: anampa adui sababu zile zile za kuchukia alizonazo shujaa. Tofauti iko katika usimulizi. Kamille anapoomboleza, wapo wakubwa wa kumfariji, kumkemea, hata kumpiga kofi ili arejee katika fahamu zake. Jerid anapoomboleza, yupo peke yake ndani ya mtambo wake, na jeshi linampa mtambo mwingine. Majonzi ya mmoja yanageuzwa kuwa ukuaji, na ya mwingine yanageuzwa kuwa silaha.

Hatuwezi kupita bila kutaja udhaifu wa mbinu hii. Mwanamke mmoja kumfunza Jerid kisha afe ni msiba. Wa pili kumsaidia kisha afe kwa ajili yake ni fomula, na Mouar anastahili zaidi ya alichopewa. Anaingia akiwa na akili na shabaha zake, kisha anatumiwa kuongeza kuni katika moto wa mtu mwingine. Hata hivyo, urudiaji huu una kazi moja: unatuwezesha kuona jinsi msamiati wa Jerid unavyobadilika. Mwanzoni anazungumzia kupanda. Baada ya Lila anazungumzia kupanda na kulipiza. Baada ya Mouar, kupanda kunafifia. Uhasama ambao ungekuwa kikwazo njiani umekuwa ndio njia.

Wakati huo huo yupo anayepanda. Paptimus Scirocco, afisa aliyerudi kutoka Sayari ya Mshtarii, anajiunga na Titans akiwa mgeni, anaapa utiifu kwa mwanzilishi wao Jamitov Hymem, na hatimaye anamuua na kukitwaa kikosi. Kile Jerid alichokitangaza waziwazi, Scirocco alikitenda kimya. Kinaya hiki ndicho kiini cha hoja yetu. Scirocco hana mpinzani wa kumkosesha usingizi, kwa hiyo macho yake yako juu, penye kiti. Ya Jerid yako mbele, penye Kamille. Msomaji wa Kiswahili ameizoea mada ya tamaa ya ukubwa tangu Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari mwaka 1963, ambamo mtu anauawa kwa kutuhumiwa kuwa nayo. Tomino anaigeuza mada hiyo kwa namna yake: mwenye tamaa iliyo wazi haogopwi na yeyote kiasi cha kuuawa kwa ajili yake. Wakubwa wanampenda mtu wa namna hiyo. Hasira yake inafanya kazi yao, nao hawana haja ya kumlipa kwa cheo.

Sasa turejee Kilimanjaro. Katika sehemu ya 35 na 36, waasi wanaishambulia ngome ya Titans iliyojengwa katika mlima huo. Four Murasame, msichana aliyefanyiwa majaribio na jeshi na ambaye Kamille anampenda, yumo upande wa Titans. Jerid anamvamia Kamille, Four anaukinga mtambo wa Kamille kwa wake, na pigo linampata yeye. Tazama muundo: ni kifo cha Mouar kilichopinduliwa. Mwanamke anajitia kati, mpigaji anamkosa aliyemkusudia, aliyebaki anashika mwili. Jerid amemrudishia Kamille msiba wake mwenyewe, tena bila kukusudia, kama vile hakukusudia kumuua mama. Mara zote mbili anazomjeruhi adui yake kwa kina, analenga kitu kingine.

Kuhusu mlima wenyewe hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Kilimanjaro ya Tomino ni theluji, miamba na mizinga. Hakuna mhusika hata mmoja mwenye jina anayetoka katika jamii za mlima huo. Hadithi ambayo hoja yake ni dharau ya walio juu kwa walio mbali inautumia mlima wa watu kama jukwaa tupu, na sehemu ya 37 inahamia Dakar kwa ajili ya hotuba kubwa ya kisiasa. Afrika imepewa mandhari mara mbili, na sauti hata mara moja haikupewa.

Hata hivyo, tukio la Kilimanjaro lina uzito unaoonekana zaidi linapoondolewa. Tomino aliufupisha mfululizo huu kuwa filamu tatu zilizotoka 2005 na 2006. Humo vita vya Kilimanjaro havimo, na kifo cha Four kimehamishiwa kwingine, kwa mkono wa mtu mwingine. Jerid wa filamu ndiye hasa yule kichekesho wanayemsema watazamaji: anakuja, anashindwa, anaondoka. Ulinganifu wa misiba umevunjwa, na pamoja nao umevunjwa mlingano wa wahasimu. Anayetaka kumhukumu Jerid kwa haki amtazame katika mfululizo wa 1985.

Anakufa katika sehemu ya 49, akisukumwa ndani ya mlipuko wa meli ya waasi. Picha haikai juu yake, kwa kuwa vita vinaendelea na wapo wa kufa zaidi. Ila anaachiwa neno la mwisho, nalo limekatika. Analiita jina la Kamille na kuanza kusema kwamba Kamille ni kitu fulani chake, na mlipuko unamfika kabla hajasema ni nini. Kijapani kinaruhusu jambo hili, kwani kimilikishi hutangulia nomino, na sentensi inaweza kufa baada ya umiliki na kabla ya kinachomilikiwa. Mfasiri wa Kiswahili hana njia hiyo. Nomino kwetu hutangulia, na hata tukiificha, upatanisho wa ngeli utaifichua: wangu, changu, langu, yangu. Ni lazima tuchague kama Kamille alikuwa adui, kikwazo, jinamizi au njia, na Jerid mwenyewe hakuwahi kuchagua.