Bing Bong hakufa: neno langu juu ya filimu «Vice-versa»

Juzi nilirudilia kuangalia «Vice-versa», ile filimu ya Pixar ya 2015. Wengi wenu munaijua. Riley, binti wa miaka 11, anahama na wazazi wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco, na sisi tunaona hisia zake zikihangaika ndani ya kichwa chake. Mule ndani munaishi Bing Bong, rafiki wa kubuni wa utoto wake: mwili wa pamba ya sukari, mukonga wa tembo, machozi ya bonboni. Ili Furaha atoke katika shimo la mambo yaliyosahaulika, Bing Bong anaruka toka kigari na kubaki chini. Anafutika. Nililia, sitaficha.

Lakini hapo ndipo sikubaliani na filimu. Inatuonyesha kama mtoto hawezi kukua bila rafiki yule kupotea kabisa. Sisi wa agro tunajua maharage: yale majani mawili manene ya kwanza yanalisha mche, kisha yanakauka na kuanguka. Hayakupotea, yako ndani ya shina.

Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 2004 kama 65% ya watoto waliowachunguza walikuwa wamepata rafiki wa kubuni kufikia miaka 7, wakihesabu pia midoli inayosemeshwa kama mtu. Basi si ugonjwa.

Tena katika filimu hakuna mtu anamuogopa Bing Bong. Kwetu ni ingine. Mtoto wa dada yangu mkubwa, akiwa na miaka 4, alikuwa anamuwekea «Kadogo» sahani ya bugali. Jirani akasema: «Huyu mutoto anasemaka na mapepo. Mumupeleke mu maombi.» Dada akaanza kuogopa mtoto wake mwenyewe. Njia ya kumuita mtoto mchawi inaanzaka hivi, na sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga anayemshitaki mtoto uchawi mwaka 1 mpaka 3.

Nilimwambia dada: muulize tu Kadogo anapenda kula nini. Mtoto akajibu: «Hapendi sombe.» Naye mwenyewe hapendi sombe! Tulicheka mpaka woga ukaisha.

Leo ana miaka 7, Kadogo hatajwi tena. Lakini mdogo wake akilia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza: «Ni nini?»

Na wewe, wako aliitwa nani?