Kitabu cha Stanley na Jina la Ujiji
Kitabu cha Henry Morton Stanley, How I Found Livingstone (1872), kimelieneza jina la Ujiji duniani. Humo mwandishi asimulia bila haya jinsi alivyowachapa wapagazi, tena amdharau Sidi Mubarak Bombay, mkuu wa askari wake, ambaye alikwisha kufika Ujiji pamoja na Burton na Speke mwaka 1858. Wako wasemao kitabu hiki kiachwe. Sisi twaona yatupasa kukisoma, kwa maana hata mahubiri yetu juu ya mkutano wa 1871 yamerithi jicho lake: huonekana Wazungu wawili tu. Mhubiri na amtaje pia Susi, aliyetoka mbio kumlaki Stanley, kisha pamoja na Chuma akauongoza msafara uliouleta mwili wa Livingstone Bagamoyo. Hao nao wameumbwa kwa mfano wa Mungu.