Matakia Yaliyopangwa: Pepo na Magofu ya Pate

Wahubiri wa dini zote wana shida moja: moto wanaueleza ukaeleweka, pepo inawashinda. Msikilize yeyote, awe shekhe au mchungaji. Akifika motoni sauti inapanda na vitenzi vinamiminika: watu wanaungua, wanalia, wanaomba maji hawapewi. Akifika peponi anaanza kuorodhesha. Kuna mito, kuna matunda, kuna nyimbo. Waumini wanaitikia amina, lakini wapo walioanza kutazama saa.

Wahubiri wasilaumiwe peke yao. Hadithi haisongi mbele bila taabu, na peponi taabu hakuna. Anayetaka kuichora pepo hana budi kutafuta umbo jingine, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Hata Dante, aliyeitengea pepo kanto 33 nzima, analalamika mara kwa mara kwamba maneno hayamtoshi. Wasomaji wengi nao wamebaki wakimkumbuka kwa jehanamu yake. Kwa Kiswahili, naona aliyelitatua tatizo hili vizuri kuliko wote ni mshairi ambaye utenzi wake unakomea motoni: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi.

Utenzi huu ulitungwa Pate ikiporomoka. Mji uliokuwa umetajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi ulikuwa umechoshwa na vita na fitina za kiti cha enzi, na mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ikaishinda Pate na washirika wake wa Mombasa pale Shela. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini hausikii nasaha. Anaufananisha ulimwengu na mazigazi ya jua kali, na kisima kinacholindwa na fahali: mwenye kiu akisogea hupigwa pembe, maji asiyanywe. Mpaka hapo tuko kwenye mawaidha ya kawaida, yaliyosemwa vizuri lakini yasiyo mageni kwa aliyezoea tungo za dini za pwani.

Kisha anaingia nyumbani kwa watu, na utenzi unabadilika. Tunaona taa za kioo na za shaba zinazowaka usiku kucha. Tunaona vidaka ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri kutoka China. Tunaona vitanda, na mito imepangwa huku kichwani na huku miguuni. Wapo wa kukanda, wapo wa kupepea, wapo wa kutumbuiza mpaka bwana apate usingizi. Mshairi hana haraka. Anahesabu kila kitu kama mrithi anayekagua mali ya marehemu, na msomaji anaweza kukijua chumba hicho kona kwa kona. Baadaye, baada ya kutupitisha kaburini, anaturudisha kwenye nyumba zile zile. Ukumbi una nyenje. Ndani mna mende. Vidaka vya vyombo vimekuwa viota vya makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba.

Wahakiki wengi husoma beti hizi kama historia ya Pate, na hawakosei. Vidaka si njozi ya mshairi; aliyeingia katika nyumba ya kale ya mawe pale Lamu ameviona. Lakini orodha ile imetoka pia mahali pengine, na msikilizaji wa wakati ule alipajua vizuri. Chukua sura ya 88 ya Kurani, Al-Ghashiya, yenye aya 26. Imo katika Juzuu Amma, ile ambayo mtoto wa chuoni huanza kuihifadhi kabla ya nyingine, na ni sunna kuisoma katika swala ya Ijumaa na za Idi. Hakuna mtu wa Pate aliyeswali ambaye masikio yake hayakuizoea.

Picha ya Akhera katika sura hiyo imegawanyika pande mbili, na kila upande una sarufi yake. Upande wa kwanza una nyuso zilizodhalilika, zinazofanya kazi na kuchoka, zinazoingia motoni, zinazonyweshwa kutoka chemchemi inayotokota, zisizo na chakula ila mwiba usionenepesha wala kuondoa njaa. Ni taabu juu ya taabu, na kila taabu ina anayeipata. Upande wa pili unaanza na nyuso zenye furaha, lakini baada ya aya chache watu wanatoweka. Kinachobaki ni samani: vitanda vilivyoinuliwa, bilauri zilizowekwa, matakia yaliyopangwa safu, mazulia yaliyotandikwa. Vyote viko katika hali ya kutendwa, na aliyevitenga hatajwi. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyeshika bilauri. Sehemu nyingine za Kurani zinawaleta watu wenyewe, wameegemea, na vijana wanawazungukia na vikombe; Al-Ghashiya inasimama kabla ya hapo. Inatuonyesha nyumba iliyotayarishwa, na wageni bado hawajafika.

Sasa rudi Pate. Vitanda ni vile vile, matakia yamepangwa vile vile, vyombo vimewekwa mahali pake, watumishi wapo. Tofauti ni wakati tu. Al-Ghashiya ni nyumba kabla ya wageni kuingia. Al-Inkishafi ni nyumba baada ya wageni kuondoka. Sayyid Abdallah amechukua orodha ya peponi akaiweka duniani, katika wakati uliopita, kisha akaiachia popo na bundi. Kwa hiyo si kweli kwamba utenzi huu hauna pepo. Pepo imo, na imechorwa kwa upendo mkubwa, ila imekosewa mahali. Wakubwa wa Pate walijijengea mapema kile walichoahidiwa baadaye, na lawama ya mshairi inauma kwa sababu yeye mwenyewe anaonekana kuyatamani yale matakia.

Alikusudia? Swali hilo halinisumbui sana. Mtu aliyeihifadhi Kurani hapangi matakia kwa safu bila sikio lake kukumbuka.

Umbo la beti linasaidia kazi hii. Tendi nyingi hutungwa kwa mizani 8, zikaenda mbio. Zinafaa masimulizi ya vita. Mistari ya Al-Inkishafi ina mizani kumi au zaidi, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea chumba kwa chumba. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake, nao wa nne unaishia kwa sauti ile ile ya “ye” tangu bismillahi mpaka motoni. Katika Kiswahili cha kaskazini sauti hiyo hufanya kazi zaidi ya moja. Mara ni kimilikishi, “yake”. Mara ni kimalizio cha kitenzi kinachoonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Mali na mwisho vinafungwa kwa silabi moja. Ubeti wa kitanda na ubeti wa bundi vinatua kwenye sauti moja, na sikio linaelewa kabla ya akili. Mshairi anapofika kwenye majina ya moto mwishoni, kina hakijabadilika, na sisi tumeshazoea kutua hapo.

Yohana wa Patmo alishika njia nyingine. Katika sura ya 21 ya Ufunuo malaika ana mwanzi wa dhahabu, naye anapima. Mji una urefu, upana na kimo sawa, stadio 12,000 kila upande. Ukuta wake ni dhiraa 144. Malango ni 12, kila lango lulu moja. Ni lugha ya mpima viwanja. Pale kipimo kinapogoma, Yohana anashika ukanushi: hakuna mauti, hakuna kilio, hakuna hekalu, hakuna usiku. Umbo hili lina nguvu kwa watu walioteswa, kwa kuwa kila “hakuna” ni jeraha lililopata kuwapo. Lakini ukanushi wa kwanza kabisa katika sura hiyo ni wa bahari. Nchi mpya haina bahari. Kwa Yohana, aliyekuwa kisiwani mbali na makanisa yake, bahari ilikuwa ukuta. Mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, akisomewa sura hii ana haki ya kuuliza atakwenda kufanya nini huko.

Yapo pia maumbo yasiyoeleza chochote. Kwa Wagiriama, majirani wa Waswahili bara kidogo, mzee wa chama cha Gohu akifa na baadaye akawatokea jamaa zake ndotoni, huchongewa kigango: nguzo ndefu ya mbao, bapa, yenye pembetatu zilizochorwa kifuani, na kichwa kilichorahisishwa mno. Husimikwa karibu na boma. Haikuchorwa bustani wala mji, wala mahali popote alipokwenda, kwa kuwa hakwenda mbali. Na maneno yanayosemwa hapo, pombe ya mnazi ikimwagwa, hayako katika nafsi ya tatu. Marehemu anaitwa kwa jina, anaambiwa wewe. Mtunga pepo anasema “watakuwa”. Mzee wa Kigiriama anasema “pokea”.

Mwanatheolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliuelewa msingi wa umbo hili: mfu anaendelea kuishi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, kisha anazama polepole katika Zamani. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alimjia juu yeye na wenzake, akisema wanaivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Katika ugomvi ule ninamwelekea p'Bitek, lakini kwa habari ya jina naona Mbiti alishika kitu. Na ndiyo maana vigango vilivyoibwa vikauzwa kwa majumba ya makumbusho ya Marekani vimepoteza zaidi ya mbao. Mle ndani ya kabati la kioo hakuna wa kumwita mzee kwa jina. Baadhi vimerudishwa Kenya. Vingi bado viko nje.

Siku hizi, matangazo ya vifo yakisomwa redioni au yakitumwa katika makundi ya simu, Muislamu na Mkristo hutumia sentensi ile ile: Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Hakuna vipimo, hakuna mito ya maziwa, hakuna lulu. Samani yote imeondolewa, kikabaki kitanda kimoja kilichofichwa ndani ya kitenzi. Ni umbo la kiasi, na nadhani ndilo lililowezesha watu wa imani mbili kukaa matangani chini ya turubai moja bila kugombana juu ya ramani ya huko.

Ninyi mnaosomesha Al-Inkishafi, ombi langu ni dogo. Msianzie kwenye moto, na msikiharakishe kipindi cha nyumba kwa kukiita “ubatili wa dunia” halafu mkafuta ubao. Kabla ya beti zile, someni Al-Ghashiya kwa sauti, Kiarabu kwanza kisha tafsiri, na wanafunzi Wakristo waisikie pia. Kisha zisomeni beti za vitanda na za vidaka moja kwa moja bila kueleza neno. Maswali ya mtihani yanaweza kungoja kipindi kijacho.