MGB: bei imejificha chini ya mlango

Matangazo mengi ya magari ya michezo ya MGB yanayouzwa Uingereza huanza na injini: imefunguliwa, imefungwa upya, kabureta zote mbili za SU zimesafishwa, moshi hakuna. Mnunuzi mzoefu huyaruka maneno hayo. Injini ile ya cc 1798 ni ya ukoo wa B wa kampuni ya BMC, jamaa ya zile zilizosukuma Austin Cambridge na Morris Oxford. Ni chuma kizito kisicho na makuu, na spea zake zimejaa tele. Kinachoamua kama umenunua gari au umenunua deni ni bodi.

MGA, iliyotangulia, ilikuwa na fremu nzito chini yake. Bodi ikioza, fremu iliendelea kubeba. Mhandisi Syd Enever na wenzake pale kiwanda cha MG, Abingdon, waliiondoa fremu hiyo, na MGB ilipotoka mwaka 1962 ilijibeba kwa bodi yake yenyewe. Hesabu ilikuwa nzuri, ila gari la wazi halina paa la kuunganisha mbele na nyuma. Sanduku la viatu lisilo na kifuniko hupinda kwa vidole viwili. Kazi ya kuzuia kupinda ikaangukia zaidi boriti mbili zinazopita chini ya milango.

Boriti hizo si bati moja. Kuna bati la ndani, upande wa miguu ya dereva. Bati la kati lililosimama wima. Bati la nje, ambalo ndilo jicho linaliona. Na chini kabisa reli yenye mikunjo. Yote yamechomelewa pamoja. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hupenya nyuma ya madigadi, likashuka hadi kwenye ncha ya boriti na kutulia hapo likiwa limeloa. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi humalizia. Kutu huanzia ndani, kwa hiyo rangi inaweza kung'aa ilhali nyuma yake bati limeshaliwa.

Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Bati la nje halikomei mlangoni; linaendelea nyuma ya madigadi, mbele na nyuma. Kulibadilisha sawasawa, unafungua madigadi ya mbele, unakata sehemu ya chini ya yale ya nyuma, unaondoa kila kilichooza, na kabla ya yote unaikaza bodi kwa vyuma kwenye uwazi wa mlango isije ikajikunja ukiwa kazini. Fundi wa njia ya mkato hukata kipande kinacholingana na mlango tu, akakichomelea juu ya kutu, akapaka puti na rangi. Risiti itasema boriti zimebadilishwa, na kwa namna fulani zimebadilishwa.

Kumgundua si kazi kubwa. Pitisha sumaku, kwenye puti nene haishiki. Tazama mwanya wa nyuma ya mlango: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limelegea kiunoni. Kisha mwombe mwenye gari alipige jeki pale pa kupigia jeki, ufungue na kufunga mlango tena. Mwanya ukibadilika waziwazi, au mlango ukikwama, punguza bei au shika njia.

Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980, baada ya MGB zaidi ya nusu milioni, nyingi zikiwa zimeuzwa Marekani. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage, iliyokuwa chini ya Rover, ilifanya jambo lililobadilisha biashara hii: ilizisaka kalibu asilia za kukandamizia mabati na kuanza kutengeneza bodi nzima mpya ya MGB huko Faringdon. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba Rover wenyewe walijengea juu yake MG RV8 ya miaka ya 1990, karibu magari 2,000, mengi yakaenda Japani.

Lakini ganda jipya peke yake huweza kuzidi bei ya MGB kuukuu inayotembea, na bado hujalipa rangi, nyaya, turubai na saa za fundi. Anayelifunga ili auze kwa faida amekosea hesabu. Anayenunua gari ambalo mwingine ameshagharimia, huyo ndiye anayefaidi. Wapo wakusanyaji wanaonung'unika kwamba gari la namna hiyo si lile la mwaka 1965 tena. Mamlaka ya usajili, DVLA, kwa miaka mingi ilihesabu gari lililojengwa upya kwa pointi, bodi au chasi 5 na injini 1, na ganda jipya la kiwandani lenye muundo uleule wa awali lilikubaliwa. Mimi niko upande wa DVLA.

Habari ya bampa, za kromu dhidi ya zile za mpira zilizokuja mwishoni mwa 1974 kwa shinikizo la sheria za Marekani, ni mambo ya macho na bei. Boriti zinaoza vilevile. Kwa mrekebishaji wa mara ya kwanza ningependekeza MGB GT, ile yenye paa lisilofunguka, iliyoanza mwaka 1965. Paa lake la chuma linasaidia kushika bodi isilegee, na kwa kawaida huuzwa rahisi kuliko ya wazi, kwa sababu wanunuzi wengi wanalipia upepo.