Marinda, Pindo na Jina: Uhakiki wa Mpangilio wa Mchoro wa Khanga Inaposhonwa, kwa Kurejelea Nandagala, Wilaya ya Ruangwa

Mjadala wa kitaaluma kuhusu khanga umetawaliwa na jina. Kitabu cha Sharifa Zawawi cha mwaka 2005 kinaichukulia khanga kuwa kitambaa kinachosema. Kabla yake, Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, aliyahusisha majina ya khanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Naye Rose Marie Beck, mwaka 2001, alielekeza macho kwenye utata wa ujumbe huo. Mchango wa kazi hizo ni mkubwa. Hata hivyo, mjadala ulioibuliwa nazo umeegemea maneno kuliko kitambaa chenyewe, na mara nyingi jina limenukuliwa kana kwamba khanga huvaliwa ikiwa imetandazwa. Haivaliwi hivyo. Hufungwa kiunoni, hutandwa kichwani, husokotwa kuwa kibwebwe, na huko Nandagala, mkoani Lindi, kama ilivyo kwingi nchini, hupelekwa kwa fundi cherehani ikakatwa na kutiwa marinda. Suala linalohakikiwa hapa ni nini hutokea kwa mchoro na kwa jina pale rinda linapopita juu yake.

Jamii iliyolifikiria tatizo hili kwa muda mrefu ni ile ya Uskoti. Kilti, vazi la kiunoni la Waskoti, hushonwa kwa kitambaa cha tatani chenye miraba inayojirudia, na mafundi wake hutambua njia kuu mbili za kupanga marinda. Katika njia ya kwanza, fundi hukunja kitambaa kwa kipimo kinachoufanya mchoro uendelee kutoka rinda hadi rinda, hata nyuma ya vazi ikafanana na mbele ambako hakuna marinda. Katika njia ya pili, mstari uleule huwekwa katikati ya kila rinda, hivyo nyuma ya vazi huonesha safu ya mistari iliyo sawa; vikosi vya Waskoti katika jeshi la Uingereza vinajulikana kwa njia hii. Njia ya kwanza huficha kazi ya mkunjo, ya pili huitangaza. Askari anapotembea, marinda hufunguka na rangi zilizokuwa ndani huonekana, kisha hupotea tena.

Ulinganisho huo una mpaka wake, na mpaka wenyewe ndio wenye manufaa. Tatani ni mchoro usio na mwanzo wala mwisho. Kitenge nacho, kwa kuwa huchapwa kwa mfululizo, kinakaribia hali hiyo, na fundi hukikunja bila kuumiza kichwa. Khanga si hivyo. Ni utungo mmoja uliokamilika: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Mji mara nyingi hubeba umbo moja kubwa lisilojirudia. Kuukunja ni kuukata umbo hilo vipande, na hakuna kipimo cha rinda kitakachourudisha mwendelezo ambao haukuwapo tangu awali. Inafaa kukumbuka kwamba neno pindo lenyewe limetokana na kitenzi pinda. Lugha iliuona ukingo huu kama mahali pa kukunjia tangu zamani, ilhali mji haukupewa jina la namna hiyo.

Hesabu ya fundi hulidhihirisha tatizo. Khanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, na doti ni khanga mbili. Rinda la kulalia upande mmoja hutumia tabaka tatu za kitambaa kwa kila upana unaoonekana. Kwa hiyo doti nzima, yenye sentimita 300 ikiunganishwa, hutoa sketi ya mzunguko wa sentimita 100 hivi, kipimo kinachokaribia nyonga za mtu mzima. Ni sadfa nzuri, lakini ina gharama: jina lenye urefu wa sentimita 60 hubakiza sentimita 20 tu machoni. Tena, pale khanga mbili zinapokutana, mapindo mawili ya wima husimama bega kwa bega kama nguzo, na fundi hulazimika kuamua ama kuyazamisha ndani ya rinda au kuyaacha yawe pambo la ubavuni.

Theluthi mbili za maandishi zinapomezwa, mtu angetarajia ujumbe ufe tu. Uchunguzi wa sarufi unaonesha jambo la hatari zaidi. Kiswahili hubeba ukanushi katika viambishi vya mwanzo wa kitenzi, na kiambishi hicho mara nyingi ni silabi moja. Ichukuliwe khanga yenye jina linalojulikana sana, «Usisafirie nyota ya mwenzio». Mkunjo wa sentimita chache ukiimeza silabi si pekee, kinachobaki ni «Usafirie nyota ya mwenzio»: sentensi kamili, isiyo na kasoro ya kisarufi, inayoamuru kile kile kilichokatazwa. Hali si hiyo katika «Wema hauozi». Hapo silabi ha ikizama, hubaki «Wema uozi», na irabu i ya mwishoni mwa kitenzi humjulisha msomaji kwamba kuna kikanushi kilichopotea. Ukanushi wa hali ya taarifa katika wakati uliopo kwa kawaida huacha nyayo mwishoni mwa neno; ukanushi wa hali ya kuamuru hauachi. Majina ya makatazo, ambayo ndiyo makali zaidi katika malumbano ya wanawake, ndiyo yaliyo wazi zaidi kwa upotoshaji wa rinda. Hoja ya utata, kwa hiyo, haina budi kupanuliwa: utata wa khanga hautoki kwa mvaaji na mlengwa peke yao, hutoka pia katika mkono wa fundi ambaye huenda hakuwa na nia yoyote.

Fundi mwelewa ana njia ya kutoka. Kilti huachwa bapa mbele na kutiwa marinda nyuma. Khanga inayofungwa kiunoni kwa kawaida huweka jina nyuma. Hivyo sketi inayoliheshimu jina huachwa bapa nyuma na marinda husukumwa mbavuni na mbele. Ni kilti iliyogeuzwa. Njia ya kulikata jina na kulishona kifuani kama beji hulihifadhi neno lakini hulitenga na mji wake, na kwa mtazamo wa uhakiki huu ni suluhisho dhaifu: jina hubaki kauli tupu.

Katika eneo la Wamwera kama Nandagala, suala hili halikomei kwenye urembo. Unyago bado ni taasisi yenye uzito kusini mwa Tanzania, na khanga mpya ni sehemu ya mavazi ya mwali anapotolewa. Wanawake wanaposhona sare kwa ajili ya ngoma, nguo huwa moja na jina moja. Tofauti pekee hubaki katika mkunjo. Marinda yakipangwa kwa njia ya mstari mmoja, kundi husomeka kama kikosi. Na mchezaji anapozunguka, marinda hufunguka, jina likasomeka kwa nukta moja kisha likafungwa. Maandishi yanayosomeka katika mwendo tu hayawezi kuhakikiwa kwa picha ya khanga iliyobandikwa ukutani.

Wapo wanaodai kwamba kushona khanga ni kuiua. Dai hilo limezidi kipimo, kwa kuwa kibwebwe kimekuwa kikilimeza jina lote kwa vizazi na hakuna aliyekilaumu. Tofauti ni kwamba kibwebwe hufunguliwa. Doti isiyoshonwa hugawanywa, moja kwa mama na moja kwa binti; hubebea mtoto leo, kesho ikajitandwa msibani. Iliyokwisha kukatwa na kutiwa marinda ina mwili mmoja tu inayoufaa. Binti anayepewa doti wakati wa kutolewa unyagoni, kisha akaipeleka kwa fundi, anapata vazi lenye umbo zuri kuliko lile la mama yake, na anapoteza uwezo wa kummegea mtu mwingine nusu yake.