Pembe ya Ng'ombe na Jicho la Mkulima

Nicolas Joly aliacha kazi ya benki, akarejea mwaka 1977 katika shamba la familia yake la Coulée de Serrant, kando ya mto Loire nchini Ufaransa. Shamba hilo, la hektari saba hivi, lilipandwa mizabibu na watawa tangu karne ya 12. Joly aliona dawa za kuua magugu zikiufisha udongo, akageukia mafundisho aliyoyatoa Rudolf Steiner mwaka 1924. Kufikia 1984 shamba zima lililimwa kwa njia hiyo, na mwaka 1997 akatoa kitabu cha kuitetea, Le Vin du ciel à la terre.

Pembe ya ng'ombe hujazwa samadi na kufukiwa majira ya baridi. Baadaye samadi hiyo hukorogwa majini kwa saa nzima, ikanyunyizwa shambani. Zabibu nazo huachwa zichachuke kwa chachu yake yenyewe, ili divai ibebe ladha ya mahali ilipozaliwa.

Lengo hilo ni jema. Lakini Joly anaposema kwamba pembe huvuta nguvu za angani, yafaa tumuulize kama tunavyomuuliza mwanafunzi wa hesabu: jibu tumeliona, njia iko wapi? Steiner alikuwa mwanafalsafa, si mkulima. Huko Uswisi, tangu 1978, wataalamu wamelinganisha mashamba ya aina hii, ya samadi ya kawaida, na ya mbolea za viwandani. Taarifa yao ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa aina mbili za kwanza zilikuwa na udongo wenye uhai zaidi, ila mavuno yalipungua kwa asilimia 20 hivi. Basi sifa nyingi anazoipa pembe huenda ni za samadi tu, na za mtu anayeizungukia mizabibu yake kila siku, akauona ugonjwa ungali mchanga.

Sineni haya kwa ubishi. Divai ya Joly huuzwa ghali. Upungufu wa mavuno hulipwa na bei. Mkulima mdogo anayeuza zabibu zake kwa kilo hana bei hiyo ya kumfidia. Huyo afundishwe kwanza kutengeneza mboji na kuusoma udongo wake. Kitabu cha Joly na asome pia, lakini kalamu iwe mkononi.