Pigo Linaloonekana

Zipo sanaa ambazo watu huzipenda kwa moyo na kuzionea haya kwa ulimi, na sinema ya ngumi, ile ambayo shujaa wake huingia mikono mitupu kati ya maadui ishirini na kutoka na jina lake, ni mojawapo. Wenye elimu aghalabu huihesabu kuwa ghasia, tafrija ya vijana wasio na shughuli. Lakini sanaa iliyovuka bahari kutoka Hong Kong, ikajaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja katika miaka ya 1970, kisha ikapanda bara hadi Samuye katika mkoa wa Shinyanga na hadi kambi za wachimbaji wa dhahabu za Geita, ambako ni muhali kumpata mtu ajuaye Kikantoni, haiwezi kuwa imesafirishwa na kelele tupu. Umo ndani yake ustadi wenye kanuni, na nia yangu ni kuusifu kwa kuzitaja kanuni hizo.

Kadhi wa sanaa hii anakaa katika banda la video. Ubao wa chaki kando ya njia hutangaza picha na saa yake, maturubai huziba nuru, jenereta hunguruma nje, na juu ya mabenchi hukaa mchungaji, mkulima wa pamba, kijana wa bodaboda, na mchimbaji aliyerejea nyumbani kutoka Geita na vumbi la duara, yaani shimo la dhahabu, bado limo kuchani. Hawa ni watu wanaokula kwa nguvu za mwili wao, nao ni vigumu kuwadanganya juu ya habari za mwili: ngumi isiyofika, hata ikipambwa kwa mlio mkubwa kiasi gani, huicheka, na ruko la kweli hulipokea kwa ukimya kabla ya kulipuka kwa shangwe. Humo niliwahi kumsikia kijana, aliyesimama kwa hofu shujaa alipoangushwa, akiambiwa na mzee wa benchi la nyuma, "Kaa chini, mwanangu, steringi hafi picha ikiwa nusu," naye akajibu akiketi, "Najua, mzee, lakini nataka kuona atatokaje." Katika maneno hayo ya watu wawili imo nusu ya elimu yote ya sinema ya ngumi, kwa maana ikiwa kila aliyelipa kiingilio anajua tangu mwanzo nani atashinda, basi picha haiwezi kuishi kwa fumbo la mshindi, na imebaki na njia moja tu ya kuishi, nayo ni uzuri wa namna ushindi unavyopatikana.

Kanuni ya kwanza, kwa hiyo, ni uwazi wa tendo. Mafundi wa Hong Kong wa zama zile waliiweka kamera mbali kiasi cha kumwonyesha mpiganaji tangu unyayo hadi utosi, wakamwacha aanze pigo, alifikishe na kulimaliza mbele ya macho yetu, ili mtazamaji ajue mguu umetoka wapi, umepita wapi na umemkuta nani. Uwazi huu haukuzuka kwa bahati. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa tangu utotoni katika chuo cha opera ya Kipekingi cha mwalimu Yu Jim-yuen mjini Hong Kong, wakifundishwa kuimba, kupinduka na kucheza kwa silaha chini ya nidhamu iliyoandamana na fimbo. Basi walipoingia katika sinema walikuwa tayari ni watu wa jukwaani, na mtu wa jukwaani anajua kwamba tendo asiloliona aliyekaa nyuma kabisa ni sawa na tendo lisilotendeka. Katika Police Story ya mwaka 1985, Jackie Chan anaruka kutoka orofa ya juu ya jumba la maduka, anadaka mlingoti uliozungushiwa taa na kuteleza nao hadi chini huku taa zikipasuka, na ruko hilo huonyeshwa mara tatu mfululizo kutoka pande mbalimbali, asibaki mtu wa kudai kwamba ni hila. Sinema nyingi za siku hizi hufanya kinyume: kamera hutikisika karibu na mabega ya watu, picha hukatwakatwa, ngumi huanzia katika kipande kimoja na kufika katika kingine, na jicho la mtazamaji huachwa njiani likitafuta.

Kanuni ya pili ni mizani ya wakati. Apiganaye bila kituo huwachosha watazamaji kabla ya kumchosha adui. Mstadi hupiga mapigo matatu au manne ya haraka, kisha husimama, mguu umekaa, mkono umenyooka, na katika kusimama huko jicho hupata nafasi ya kuhesabu kilichotokea na moyo hupata nafasi ya kutamani kitakachofuata. Jambo hili Wasukuma hawahitaji kufundishwa na mtu wa ng'ambo, kwani wanalo katika bugobogobo, ngoma ya majembe, ambamo mchezaji hurusha jembe likazunguka hewani, na kabla halijarudi mkononi upo muda mfupi ambao uwanja mzima hushika pumzi. Jembe lile ni la chuma, uzito wake ni ule ule wa shambani, na asiyelidaka ataumia. Ndiyo maana mtu aliyekulia katika uwanja wa bugobogobo akiingia katika banda la video hutambua mara moja nani ana mizani na nani anatapatapa.

Kanuni ya tatu ni taabu. Picha mbili za mwaka 1978 zilithibitisha kwamba mafunzo yaweza kupendeza kuliko vita yenyewe. Katika The 36th Chamber of Shaolin, iliyoongozwa na Lau Kar-leung, mwanafunzi anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa, na visu vimefungwa mikononi mwake ili akithubutu kuishusha ajichome mbavu mwenyewe. Na katika Drunken Master ya Yuen Woo-ping, Jackie Chan ananing'inia kichwa chini, akichota maji kwa vikombe vidogo katika ndoo iliyo chini na kuyamimina katika ndoo iliyo juu, huku mwalimu wake mlevi akijistarehesha. Mchimbaji aliyeshinda akivuta viroba vya mawe kwa kamba kutoka katika kina cha duara huyatazama hayo kwa namna ambayo mtu wa ofisini hataijua kamwe, kwa kuwa anaona jasho likilipwa. Shujaa aliyezaliwa na nguvu zake hutustaajabisha tu. Aliyezinunua kwa maumivu tunamwamini, na ushindi wake twauona kuwa halali.

Kanuni ya nne, iliyo juu ya hizo zote, ni insafu. Katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972, ambayo Bruce Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe, yeye na Chuck Norris wanakutana ndani ya magofu ya Colosseum ya Rumi, na kabla ya pigo la kwanza kila mmoja ananyoosha viungo vyake mpaka mifupa inalia, bila mmoja kumvamia mwenzake, huku mtoto wa paka akiwatazama. Lee anapigwa kwanza, na kupigwa kwenyewe kunamfunza. Anabadili mwendo, miguu inakuwa myepesi, na mizani inageuka. Adui anapovunjika mkono na mguu, Lee anamtikisia kichwa kumsihi aache. Naye anapokataa na kujikongoja tena, Lee anamuua, kisha anachukua vazi la hasimu huyo na mshipi wake, anamfunika na kupiga magoti. Hapana karibu neno lolote linalosemwa, lakini hadhira imefahamu kwamba hasimu naye alikuwa mtu, na kwamba ushujaa usio na taadhima kwa aliyeshindwa ni ukatili uliovalishwa nguo nzuri.

Pahali ambapo maneno ni lazima, Afrika Mashariki imejipatia mafundi wake. Lufufu katika Tanzania na DJ Afro katika Kenya waliziingiza picha za kigeni katika Kiswahili kwa kusimulia, kutania na kuongeza chumvi, na msimulizi hodari ni yule ajuaye pia wakati wa kunyamaza na kuuachia mwili useme. Waganda wakaenda mbele zaidi: katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, picha iliyofanywa kwa fedha kidogo mno, vijana wa mtaa wakipiga kung fu, silaha zikiundwa kwa vyuma chakavu, na kelele za msimulizi, VJ Emmie, zikatiwa ndani ya picha yenyewe.

Mfano huo wa Waganda watutosha kuwa hoja kwamba Watanzania nao waweza kujitengenezea picha zao. Hong Kong haikupata sinema yake kutoka kwa wanajeshi wala kwa wababe wa mitaani. Iliipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa watoto wa opera, waliofundishwa kuupamba mwili kabla ya kufundishwa kuupiganisha. Usukuma una chuo kama hicho, na ni cha kale: baada ya mavuno vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake, na kila mwaka Bujora, karibu na Mwanza, hupokea wachezaji katika sherehe za Bulabo. Vijana hao wana uwazi wa tendo, wana mizani, wana taabu ya mazoezi, na wana hadhira isiyohongeka. Atakayetaka kutengeneza picha ya ngumi ya Kitanzania asianze kwa kutafuta bunduki za bandia na magari ya kuchoma. Na aende Shinyanga wakati wa ngoma, awatafute watu wawili wanaoaminiana kiasi cha kurushiana jembe, asimamishe kamera mbali, na awe na subira ya kutoikata.